Bekoni ya Sukari na Tende za Bekoni kwa Sherehe: Dalili za Makosa, Vyanzo Vyake na Namna ya Kuyarekebisha

Maelezo haya yanahusu vitafunwa viwili ambavyo huulizwa sana kila unapokaribia msimu wa kipaimara, Krismasi na sherehe za kuwaaga mabinti wanaoolewa: bekoni iliyookwa kwa sukari ya kahawia na pilipili manga, na tende zilizojazwa jibini kisha zikavikwa bekoni. Malalamiko ya wapishi hujirudia, na mengi kati ya makosa hayo nimeyafanya mwenyewe kabla ya kuelewa yanatoka wapi. Nimeyapanga kwa dalili, yaani kwa kile ambacho mpishi anakiona akifungua oveni, na chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi.

Ili tuelewane, kipimo changu cha msingi ni nusu kilo ya bekoni ya tumbo iliyokatwa kwa unene usiozidi milimita 2, gramu 80 za sukari ya kahawia, kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga iliyotwangwa, na pilipili ya unga kidogo sana kwa wanaoipenda. Oveni huwa kwenye nyuzijoto 180. Bekoni huingia ikiwa tupu kwa dakika 12 hadi 15, mafuta yaliyotoka humwagwa, sukari na pilipili hunyunyizwa, kisha trei hurudi kwa dakika nyingine 10 hadi 12. Mafuta yatoke kwanza, sukari ifuate. Asiyeuzingatia utaratibu huu atakutana na sehemu kubwa ya matatizo yaliyoelezwa hapa chini.

Sukari imeungua, lakini bekoni bado ni laini kama mpira

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Chanzo chake cha kwanza ni kunyunyiza sukari tangu mwanzo, nyama ikiwa mbichi. Bekoni mbichi ina maji na mafuta mengi, nayo haiwezi kukauka na kuwa ya kukwaruza mpaka maji hayo yawe mvuke na mafuta hayo yayeyuke na kutiririka. Ukiifunika kwa sukari kabla ya hapo, sukari hunyonya maji, hugeuka shira, na shira hiyo hukaa juu ya nyama kama blanketi. Nyama huchemka chini ya shira, na wakati inapoanza kukauka shira imeshakuwa nyeusi. Sukari ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzijoto 186 hivi, na kutoka rangi ya dhahabu hadi kuungua ni suala la dakika mbili tu.

Chanzo cha pili ni kubananisha vipande kwenye trei. Hapa ukaguzi ni rahisi: kama vipande vinagusana au vimepandiana, mvuke wa kimoja unakilowesha kingine. Nusu kilo ya bekoni inahitaji trei mbili za kawaida za oveni ya nyumbani. Mpishi mwenye haraka huiweka kwenye moja, kisha hushangaa kwa nini iliyoko katikati imebaki rangi ya nyama iliyochemshwa.

Chanzo cha tatu ni oveni isiyosema kweli. Majiko mengi ya gesi yanayouzwa kwetu yana kitasa chenye namba zisizolingana na joto halisi lililo ndani, na mengine huwasha moto wa chini peke yake. Nunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni. Kama hukipati, panga vipande vya mkate mweupe juu ya wavu wote, acha dakika kumi kwenye moto uliouzoea, kisha tazama: mkate utakuonyesha kona ipi inaunguza na ipi imelala. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza, kipande cha nyuma kushoto kilitoka cheusi ilhali cha mbele kulia hakijabadilika rangi hata kidogo, na kwa miaka mingi nilikuwa nimeilaumu bekoni. Dawa yake ni kugeuza trei katikati ya kila awamu, kupandisha wavu ngazi moja juu, na kuweka trei ya pili tupu chini ya ile yenye bekoni ili ikinge moto wa chini.

Ikiwa joto linapanda lenyewe bila kukoma, au mwali unazimika na kuwaka tena, usijaribu kuifungua oveni mwenyewe. Mwite fundi wa majiko. Na ukisikia harufu ya gesi, acha kila kitu papo hapo: funga mtungi, fungua madirisha na milango, usiwashe wala kuzima swichi yoyote ya umeme, toa watu nje, kisha piga simu kwa msambazaji wako wa gesi ukiwa nje ya nyumba. Oveni ya umeme inayokata umeme kila inapowashwa nayo ni kazi ya fundi umeme, hata kama wageni wako njiani.

Chanzo cha nne ni aina ya bekoni. Pakiti nyingi madukani huwa na bekoni ya mgongo, yenye mviringo mkubwa wa nyama isiyo na mafuta na utepe wa mafuta pembeni. Ni tamu sana kwa mayai asubuhi, lakini kwa kazi hii haifai, kwa sababu mnofu wake hukakamaa kabla ya utepe kukauka. Tafuta ile ya tumbo, yenye mistari ya mafuta na nyama inayopishana. Ukikosa, kata mnofu utenge, na utumie upande wenye mafuta peke yake.

Chanzo cha mwisho ni sukari guru au asali. Sukari guru ina ladha nzuri kuliko sukari ya kahawia ya dukani, na sitaki mtu aiache. Tatizo ni kwamba ina unyevu na huungua mapema, na asali ni zaidi, kwa kuwa aina ya sukari iliyomo huanza kubadilika rangi kwenye nyuzijoto 110 hivi. Ikwangue sukari guru kwa kikwangulio laini na uitie dakika 8 za mwisho; asali ipake kwa brashi dakika 5 za mwisho tu. Bekoni ambayo sukari yake imeshaungua kote haiokoleki, kwani uchungu hauondolewi na chochote. Kama ni ncha tu, zikate kwa mkasi.

Trei imejaa majimaji meupe yenye povu

Sababu karibu kila mara ni bekoni iliyodungwa maji ya chumvi kiwandani ili iongezeke uzito. Maji hayo hutoka yakiwa yamebeba protini ya nyama, na ndiyo hiyo inayoganda kuwa povu jeupe. Haina madhara. Ikaushe bekoni kwa tishu pande zote kabla ya kuioka, na umwage majimaji baada ya dakika 7 badala ya kungoja 12. Sababu nyingine, isiyotokea sana, ni kuioka ikiwa bado ina barafu. Iache iyeyuke ndani ya friji usiku kucha, si juu ya meza.

Imegandia kwenye trei au kwenye karatasi

Kwanza jiulize uliiacha muda gani baada ya kuitoa. Sukari iliyoyeyuka hushika kama gundi inapopoa, kwa hiyo kuna muda mfupi, dakika 2 au 3 hivi, ambapo kipande kimekakamaa kiasi cha kunyanyuliwa kwa koleo na bado hakijashika. Ukiupitisha muda huo usivute kwa nguvu. Rudisha trei kwenye oveni kwa dakika moja au mbili, sukari italegea, nawe utanyanyua bila kuvunja.

Halafu angalia umetandika nini. Foili bila mafuta hushika na kuchanika, na vipande vyake vinavyong'aa hubaki chini ya bekoni bila mgeni kuviona. Karatasi ya kuokea ni bora zaidi. Wavu wa chuma juu ya trei hutoa bekoni kavu zaidi, ila ni lazima upakwe mafuta kwanza.

Kosa la tatu ni la mahali pa kupoozea, nami nalikumbuka vizuri. Katika kipaimara cha mpwa wangu nilitoa trei nne za bekoni nzuri kabisa, nikazilaza vipande vyote juu ya tishu za jikoni kama tunavyofanya kwa sambusa. Baada ya dakika kumi kila kipande kilikuwa kimevaa tishu. Nilikaa na dada yangu tukibandua nyuzi nyeupe kwa ncha ya kisu, na mwishoni tulipeleka mezani trei moja na nusu. Bekoni yenye sukari haikaushwi kwa tishu kamwe. Hupoozwa juu ya wavu uliopakwa mafuta au karatasi ya kuokea. Tishu ni ya awamu ya kwanza tu, kabla ya sukari.

Ilikuwa inakwaruza, baada ya saa moja imelainika na inanata vidoleni

Mtu wa Arusha au Nairobi anaweza asiwahi kuliona hili, na mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa akaliona kila mara kwa kipimo kile kile. Sukari iliyopikwa huvuta unyevu kutoka hewani, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Kabla ya kuilaumu hali ya hewa, hata hivyo, hakikisha hukuifunika ikiwa ya moto. Bakuli lenye kifuniko juu ya bekoni inayofuka mvuke huilainisha hata mahali pakavu kuliko pote.

Kama imepoa vizuri na bado inalainika, punguza asali au uiache kabisa, maana ndiyo inayovuta unyevu zaidi ya sukari nyingine. Ongeza dakika 2 kwenye awamu ya kwanza ili nyama ikauke zaidi. Ihifadhi kwenye kopo linalofunga kabisa, ukitenganisha tabaka kwa karatasi ya kuokea, na uitoe dakika chache kabla ya wageni kuanza kula. Iliyokwisha kulainika hurudishwa kwenye oveni ya nyuzijoto 150 kwa dakika 5 hadi 7, kisha ipoe juu ya wavu. Inatoka laini, na hukakamaa inapopoa. Wengi hukosea hapa: wanaigusa ikiwa ya moto, wanaona bado laini, wanaiongeza muda, inaungua.

Tende zinafunguka, jibini linavuja, au chini ni mbichi

Bekoni ikifunguka, mara nyingi kipande kilikuwa kifupi. Baada ya kuizunguka tende, ncha zinapaswa kupandiana sentimita 2. Ilaze bekoni ubaoni na uivute kwa mgongo wa kisu, itarefuka na kuwa nyembamba. Kisha ikate katikati, kila nusu itoshe tende moja. Laza tende mwungano ukiwa chini, ili uzito wake uufunge. Kijiti cha meno husaidia, lakini kilowekwe kwenye maji kwa dakika 30 kabla, vinginevyo ncha yake itakuwa mkaa. Kwa watoto wadogo, vitoe vijiti vyote kabla ya kupeleka sahani.

Jibini likivuja, umejaza kupita kiasi. Nusu kijiko cha chai inatosha. Tende zilizojazwa na kuvikwa zikae kwenye friji kwa nusu saa kabla ya kuokwa, ili jibini liwe baridi na gumu wakati bekoni inaanza kukaza. Kama bado linavuja, badili: lozi moja iliyokaangwa ndani ya kila tende haivuji, na kwa maoni yangu inapendeza kuliko jibini, kwa sababu inakupa kitu cha kutafuna katikati ya ulaini wote ule.

Chini kukiwa kubichi, zigeuze kila baada ya dakika 10, au uoke bekoni peke yake kwa dakika 5 kabla ya kuivika, iwe imeanza kutoa mafuta lakini bado inakunjika. Njia hii ni ya lazima ukitumia nanasi badala ya tende. Nanasi hutoa maji mengi, hivyo likaushwe kwanza kwenye kikaango kikavu. Tena usiviache vipande vya nanasi bichi na bekoni vikakaa usiku kucha, kwa kuwa nanasi bichi huyeyusha nyama. Ndizi mzuzu iliyoiva lakini ingali imara haina shida hizo.

Jambo moja la tende haliruhusu uzembe: pasua kila moja na utoe kokwa kwa mkono wako, hata kama pakiti inasema hazina kokwa. Kokwa moja huvunja jino.

Chumvi imezidi, au utamu umezidi

Kabla ya kupika trei nzima, kaanga kipande kimoja na ukionje. Kikiwa na chumvi kali, loweka bekoni kwenye maji baridi kwa dakika 20 hadi 30, kisha ikaushe vizuri sana. Usiongeze chumvi wala mchuzi wa soya. Bekoni imekwisha kupata chumvi yake kiwandani. Kosa la kawaida ni kuongeza sukari ili kufunika chumvi, na matokeo yake ni kitafunwa ambacho mgeni anakula kimoja na kuomba maji. Kinachotuliza vyote viwili ni uchachu. Rojo zito la ukwaju, kijiko kimoja cha chakula kwa gramu 80 za sukari, hufanya kazi hiyo vizuri kuliko chochote nilichokijaribu. Maji ya ndimu yanyunyizwe mwishoni kabisa, baada ya kuoka.

Ndani bado ni nyekundu: je, imeiva?

Rangi si kipimo hapa. Bekoni hutiwa chumvi maalumu ya kuhifadhia nyama, na chumvi hiyo huiacha na wekundu hata ikiwa imeiva kabisa. Angalia mafuta: yakiwa meupe na yenye utelezi, bado, yakiwa ya dhahabu na yamepungua, tayari. Usionje bekoni mbichi hata kidogo, kwa kuwa kutiwa chumvi au moshi hakuhakikishi kuwa vimelea vyote vimekufa.

Hapa pana sababu ya kusimama kabisa. Kama bekoni ni ya kutengenezewa nyumbani, uliza nyama ilikaguliwa na nani. Nguruwe wa kuzurura hupata minyoo ya tegu, na nyama yake huwa na vijipovu vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo. Ukiviona, usipike, usimpe mbwa, wala usiitupe ovyo. Wasiliana na daktari wa mifugo au mkaguzi wa nyama wa eneo lako. Bekoni yenye utelezi wa kunata, harufu ya uchachu au rangi ya kijani nayo haioshwi wala haiokolewi.

Oveni inatoa moshi mwingi

Kwanza tazama sakafu ya oveni, kwa kuwa mafuta ya wiki iliyopita ndiyo yanayoanza kufuka. Pili, tazama trei: trei isiyo na kingo humwaga mafuta, hivyo iwe na kina cha sentimita 2 au zaidi. Tatu, shusha moto usizidi nyuzijoto 190. Mafuta unayoyamwaga baada ya awamu ya kwanza yaingie kwenye kopo la bati, si kwenye sinki, ambako yataganda na kuziba bomba.

Mafuta yakishika moto ndani ya oveni, usifungue mlango. Zima oveni, acha moto ujizime kwa kukosa hewa. Kwenye kikaango, zima jiko na ufunike kwa mfuniko wa chuma. Usimwage maji kwa hali yoyote, kwa maana maji hulipuka kuwa mvuke na kutawanya mafuta yanayowaka hadi kwenye mapazia. Moto usipozimika mara moja, toka nje na watu wote, funga mlango nyuma yako, piga 114 ukiwa Tanzania au 999 ukiwa Kenya.

Sukari ya moto huunguza vibaya kuliko mafuta, kwa sababu inaganda kwenye ngozi. Weka sehemu iliyoungua chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila kuibandua sukari kwa nguvu. Usipake dawa ya meno, asali wala siagi. Jeraha la usoni, la viganjani, la mtoto mdogo, au lenye malengelenge makubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, lipelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Vilibaki mezani tangu mchana, je, vipashwe moto?

Kanuni ya Idara ya Kilimo ya Marekani, ambayo naifuata, ni saa mbili mezani, na saa moja tu joto likizidi nyuzijoto 32, hali ambayo chini ya turubai la sherehe ni ya kawaida. Kupasha moto hakuokoi kilichopitisha muda huo, hasa tende zenye jibini, kwa kuwa baadhi ya bakteria huacha sumu isiyoharibiwa na joto. Toa sahani ndogo ndogo, nyingine zibaki jikoni.

Katika sherehe zetu wageni Waislamu na Waadventista huwa pamoja nasi, na kitafunwa kilichovikwa hakionyeshi kilichomo. Weka kibao kilichoandikwa wazi kwamba ni nyama ya nguruwe, kwenye meza yake na koleo lake. Bekoni ya ng'ombe hufaa kwa wengi, mradi imechinjwa inavyotakiwa, na iokwe kwanza, kwa trei, wavu na brashi ambavyo havijawahi kugusa ile nyingine. Ina mafuta machache, kwa hiyo awamu yake ya kwanza ni dakika 6 tu, na ipakwe mafuta kidogo kabla ya sukari, la sivyo inatoka ngumu kama ngozi.